Mashindano ya timu za wanafunzi kuhusu matatizo ya jamii duniani: anzeni hivi, kuanzia timu mpaka siku ya majaji

Kila msimu usajili ukifunguliwa maswali ni yaleyale: tuanzie wapi, lazima tuwe na wazo tayari, mimi nasoma uuguzi sio biashara je naruhusiwa, kapteni awe nani, slaidi ziwe ngapi. Nimeamua kuyajibu sehemu moja maana naona timu zenye watu wenye akili kabisa zinaangukia palepale, zimeanza na kitu cha mwisho, yaani slaidi, halafu wiki ya mwisho ndo wanatafuta watu wa kuhojiwa ili wajazie ukurasa.

Msimamo wangu nautoa mapema. Haya mashindano yanaitwa ya uongozi na wengi wakisikia uongozi wanawaza yule anayesimama mbele na kuongea vizuri. Jaji makini anatafuta mambo mengine: mmemsikiliza nani, mlibadilisha nini baada ya kumsikiliza, na mwenye tatizo ana sauti gani kwenye maamuzi yenu. Mkiweza kujibu hayo matatu, hata Kiingereza kikiwa cha kuungaunga mtafika mbali.

Mnaingia shindano la aina gani?

Hayafanani, na kuchanganya ndo kosa la kwanza. Hult Prize wanataka biashara ya kijamii inayojiendesha, zawadi yao kubwa imekuwa dola milioni 1 kwa timu moja, na kwa miaka mingi walikuwa wanatoa mada ya mwaka. Enactus (ilianza 1975 kwa jina la SIFE, yaani Students in Free Enterprise, jina likabadilishwa 2012) wanataka mradi ambao mmeshaufanya kwenye jamii na mna ushahidi wa kilichobadilika, washindi wa kila nchi wanakutana kwenye World Cup yao. Map the System ya Chuo Kikuu cha Oxford ni tofauti kabisa, pale hawawadai suluhisho, wanapima mmelielewa tatizo kwa kina gani na nani ameshajaribu nini. Halafu kuna yale ya kisa, mnapewa karatasi yenye hali fulani na masaa machache ya kuandaa jibu.

Ukipeleka wazo la biashara kwenye shindano la kuelewa tatizo utakosa alama hata kama wazo ni zuri, na ukipeleka utafiti mtupu kwenye shindano la biashara wataishia kukuuliza hela inatoka wapi. Kama ndo mara yenu ya kwanza na mna muda, mimi naona lile la kuelewa tatizo ndo shule nzuri zaidi.

Na kwa wale wa uuguzi, kilimo, sheria, ualimu: mnaruhusiwa na mnahitajika sana, ila angalieni sheria za shindano husika kuhusu nani anahesabika kama mwanafunzi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Sheria za mwaka huu, sio za mwaka jana alizokutumia rafiki yako. Idadi ya wanatimu, umri na dedilaini hubadilika.
- Uthibitisho kwamba nyote ni wanafunzi (kitambulisho au barua ya chuo). Uombeni mapema, ofisi zina foleni.
- Watu watatu mpaka watano ambao kweli wana muda.
- Angalau mtu mmoja anayeishi na tatizo lenyewe au anafanya kazi nalo kila siku, na amekubali kupokea simu zenu.
- Mlezi, mwalimu au mtu wa fani, wa kuwaambia ukweli. Msichague wa kuwasifia.
- Folda moja ya mtandaoni ambako kila kitu kinawekwa. Grupu la WhatsApp sio sehemu ya kutunza nyaraka, mtakuja kutafuta takwimu usiku wa manane kati ya stika na salamu.
- Daftari la maamuzi. Tarehe, tumeamua nini, kwa sababu gani. Hili litawaokoa kwenye hatua ya 8.

Hela nyingi hazihitajiki mwanzoni. Nauli na bando, basi.

Hatua zenyewe

1. Someni vigezo vya alama kabla ya kuwaza wazo lolote.

Mashindano mengi yanaweka wazi alama zinagawanywaje. Chukueni ile karatasi, kila kigezo mkigeuze kuwa swali. Kigezo kikisema "ushiriki wa jamii", swali lenu ni: tuna nini mkononi cha kuonyesha jamii ilishiriki? Bandikeni maswali hayo mbele ya folda. Kila wiki mnayapitia, lisilo na jibu ndo kazi ya wiki inayofuata.

2. Undeni timu kwa kazi.

Marafiki wanne wa darasa moja watawaza kitu kimoja na watasifiana. Tafuteni mtu wa namba, mtu wa kuongea na watu mtaani bila kuwatisha, mtu wa kuandika, na mtu anayejua fani ya tatizo. Mmoja anaweza kubeba mawili.

Kapteni asiwe lazima yule mwongeaji. Kapteni mzuri ni anayefuatilia, anayekumbuka aliyeahidi nini, na anayemwuliza mkimya "wewe unaonaje?" kabla kikao hakijafungwa. Siku ya kwanza andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: tunakutana lini, uamuzi unapitaje tukigawanyika, mtu akikosa vikao viwili mfululizo tunafanyaje, na hela ya zawadi ikija inakuwa ya nani. Hili la hela watu wanaona aibu kulisema mwanzoni, lisemeni, maana likisubiri mpaka mmeshinda linavunja urafiki na mradi pamoja.

Mtagombana, na ni kawaida. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman aliandika tangu 1965 kwamba vikundi hupitia kipindi cha kuvutana kabla ya kukaa sawa. Kinachoua timu ni ugomvi ambao haujasemwa, mtu anaanza kujibu "sawa" kwa kila kitu halafu kazi haifanyi.

3. Likateni tatizo mpaka liwe na sura ya mtu.

Wengi wanaanzia kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yale 17 yaliyopitishwa 2015 yafikiwe ifikapo 2030. Hapo sawa, ila "lengo namba 3, afya bora" sio tatizo la kushindania. Chini ya yale 17 kuna shabaha 169, shukeni huko, halafu mshuke tena.

Chukua mfano wa moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana sana na kupikia kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Takwimu hiyo inatisha lakini bado haikuambii ufanye nini. Kateni: nani hasa? Mama anayepika ndani kwa kuni msimu wa mvua. Kwa nini ndani? Nje kuna mvua. Kwa nini kuni? Anaziokota bure, gesi inataka hela ya mkupuo. Ulizeni kwa nini mara tano hivi, ni njia ya zamani ya Toyota na bado inafanya kazi. Ukifika kwenye "hela ya mkupuo" tayari umepata tatizo la malipo, ambalo ni tofauti kabisa na tatizo la jiko.

ANGALIZO: kama sentensi ya tatizo lenu ina maneno "ukosefu wa" ikifuatiwa na kitu mnachotaka kuuza ("tatizo ni ukosefu wa aplikesheni ya wakulima"), mmeshaweka suluhisho ndani ya tatizo. Futeni mwanze upya.

4. Nendeni mkawasikilize watu, na msiende na wazo lenu.

Hapa ndo nataka mtumie muda mrefu kuliko sehemu yoyote. Watu kumi na tano walioongea na nyie kwa utulivu wanafaa kuliko dodoso la watu mia tatu waliojaza kwa kubofya. Msiulize "je ungetumia kifaa kama hiki?" kwa sababu mtu mstaarabu atasema ndiyo ili usijisikie vibaya. Ulizeni yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho ilikuwaje, ulifanya nini, ulilipa kiasi gani, nani alikusaidia, uliwahi kujaribu njia gani ukaiacha. Neno "ukaiacha" ni dhahabu, likitokea tulieni hapohapo.

Mkitaka kujua kwa nini nasisitiza hivi, someni habari za PlayPump. Ilikuwa pampu ya maji inayozungushwa na watoto wakicheza bembea ya kuzunguka, wazo likapendwa sana, mwaka 2000 likapata tuzo ya Benki ya Dunia, 2006 Marekani ikatangaza mpango wa dola milioni 16.4 na lengo likawa pampu 4,000 kusini mwa Afrika ifikapo 2010. Kwenye vijiji vingi watoto wakichoka au wakiwa shule, akina mama ndo walibaki kuzungusha lile gurudumu kwa mikono, kazi nzito kuliko pampu ya mkono waliyokuwa nayo mwanzo. Gazeti la The Guardian lilipiga hesabu 2009 kwamba ili pampu moja itoe maji ya kuwatosha watu 2,500 iliyotajwa kuwahudumia, watoto wangepaswa kucheza masaa 27 kwa siku. Siku ina 24. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mwanafunzi yeyote kabla hata pampu moja ya zamani haijang'olewa kupisha mpya, na mama mmoja akiulizwa angesema.

Adabu ya mahojiano: ombeni ruhusa, semeni wazi ni mashindano, msiahidi msaada, msirekodi bila idhini, msipige watoto picha bila mzazi kukubali na hata akikubali jiulizeni picha ni ya nini. Ukimtumia mtu kwenye slaidi kama mfano wa shida, na yeye akiwepo ukumbini angeona aibu, toa hiyo slaidi.

5. Tafuteni nini kimeshajaribiwa.

"Hakuna mtu aliyewahi kufanya hivi" ni sentensi inayomchosha jaji, mara nyingi yupo na mnakuta alishindwa kwa sababu nzuri ya kujifunza. Kwenye majiko, watafiti Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia familia za Odisha, India, mpaka miaka minne baada ya kupewa majiko bora. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua, baadaye faida ikapotea kwa sababu watu hawakuyatumia mara kwa mara wala kuyatengeneza yakiharibika. Ukilijua hilo, swali lako linahama kutoka "jiko gani" kwenda "nani atalitengeneza mwaka wa pili na analipwa na nani". Timu inayokuja na swali la pili inasikika tofauti kabisa.

Chorani mchoro mmoja: watu wote wanaoguswa na tatizo, na mshale wa nani anamtegemea nani. Ongezeni kisanduku ambacho timu nyingi zinakiruka, yaani nani anafaidika tatizo likibaki lilivyo. Dalali, muuza mkaa, afisa, yeyote. Huyo atawapinga na lazima mpango wenu umjue.

6. Tenganisheni sehemu ya ufundi na sehemu ya kubadilika.

Nadharia ni hii tu. Ronald Heifetz, mwalimu wa uongozi wa Chuo Kikuu cha Harvard, anatofautisha matatizo ambayo mtaalamu anaweza kuyatatua kwa ujuzi uliopo, na yale yanayotaka watu wenyewe wabadili mazoea, imani au mgawanyo wa nguvu. Kusambaza vidonge vya kutibu maji ni ufundi. Kuamua kwenye familia kwamba hela ya vidonge inatoka kabla ya hela ya vocha ni kubadilika, na hakuna mhandisi atakayewafanyia. Karibu kila tatizo la jamii lina vyote viwili. Gaweni karatasi katikati mwandike kila upande, na mkiona upande wa kubadilika umebaki mtupu, hamjasikiliza vya kutosha, rudini hatua ya 4. Lile neno uongozi nililolitaja mwanzoni linaishi upande huo.

7. Jaribuni kitu kidogo sana.

Wiki mbili, watu wachache, gharama ndogo. Huduma ya ujumbe wa simu? Msijenge aplikesheni, tumeni meseji kwa mkono mwone kama watu wanajibu. Washindi wengi wa Hult Prize walikamata kipande kidogo: timu ya chuo cha Earlham ilishinda 2016 na mfumo wa kukatia tiketi za basi kwa simu Kenya, na wale wa University College London 2018 walikuja na namna ya wakulima wadogo wa mpunga kukausha mavuno yasiharibike. Hakuna aliyesema anamaliza umaskini.

Kabla ya kujaribu andikeni matokeo gani yatawafanya muache. Bila hivyo kila matokeo mtayaita mafanikio.

8. Pigeni hesabu, na muweke kipimo.

Gharama kwa mtu mmoja anayehudumiwa, nani analipa, na inachukua muda gani. Mfano wa kubuni: kifaa ni dola 30 na familia inaweza kulipa dola 1 kwa mwezi, basi hela inarudi baada ya miezi 30 kama hakuna aliyekwama, na lazima mtu atoe mtaji wa kusubiri miezi yote hiyo. Semeni ni nani.

Kipimo kiwe cha mabadiliko. "Tumefundisha watu 200" ni shughuli. "Kati ya waliofundishwa, wangapi bado wanafanya hivyo baada ya miezi mitatu" ndo mabadiliko. Na lile daftari la maamuzi litoeni hapa, kurasa mbili za "tulidhani hivi, watu wakatuambia vile, tukabadilisha" zina nguvu kuliko grafu yoyote.

9. Sasa ndo slaidi.

Mtu mwenye tatizo, chanzo, kilichojaribiwa, mpango wenu, ushahidi wa jaribio, hesabu, timu, mnaomba nini. Slaidi moja wazo moja, maandishi makubwa. Kama kuna sekunde chache za kufungua msizipoteze kumshukuru kila mtu, ingieni kwenye tatizo.

ANGALIZO: msiweke takwimu ambayo hakuna hata mmoja wenu anajua imetoka wapi. Jaji mmoja akiuliza chanzo na mkatazamana, zile nyingine zote zinaanza kutiliwa shaka.

10. Fanyeni mazoezi ya maswali kuliko ya hotuba.

Alikeni watu watatu wasiojua mradi, mmoja awe mtu wa hela, mmoja wa fani, mmoja mtu wa kawaida kabisa. Wawachape maswali nusu saa. Gaweni nani anajibu nini ili msidakiane. Jibu linaanza na ndiyo, hapana au namba, halafu maelezo, halafu unanyamaza.

11. Siku yenyewe.

Fikeni mapema, faili liwe sehemu tatu (folda, flashi, imeili), jaribuni kipaza sauti. Kama ni mtandaoni mmoja awe na faili lote kwenye simu, na mkubaliane nani anaendelea kuongea mwingine akikatika. Wengine wakiprezenti, sikilizeni kweli, msikae mnabadilisha slaidi.

Mambo yakienda kombo

Mwanatimu ametoweka. Mpigieni, sio meseji, muulizeni kama kuna tatizo. Kisha fuateni makubaliano ya ukurasa mmoja, na angalieni sheria kama mnaruhusiwa kumbadilisha, kuna mashindano yanafunga orodha tarehe fulani.

Mahojiano yamekataa wazo letu na dedilaini ni wiki ijayo. Msifiche. Badilisheni mpango uwe mdogo, na mseme wazi mlichokigundua. Nimeona timu za namna hii zikipita mbele ya timu zenye mpango uliopigwa pasi, kwa sababu majaji waliamini kila neno lao.

Timu nyingine ina wazo kama letu. Sawa tu. Majaji wanatofautisha kwa ushahidi, rudini kwa watu wenu mkaongeze.

Jaji ameuliza tusichokijua. "Hatujalipima bado, tungelipima kwa njia hii." Basi. Kubuni namba pale jukwaani ni kosa ambalo halisameheki, na kusema kweli ni kuwakosea heshima watu mliowahoji.

Kapteni anaamua kila kitu. Msisubiri mlipuke. Zungusheni uenyekiti wa vikao kila wiki, na kila uamuzi mkubwa mtu wa mwisho kuongea awe kapteni.

Mlezi anataka tubadilishe kila kitu kufuata wazo lake. Sikilizeni, mwulizeni anaona ushahidi gani, kisha amueni nyie. Sheria nyingi zinataka kazi iwe ya wanafunzi.

Hatujapita raundi ya kwanza. Ombeni maoni ya majaji kwa maandishi, mengi ya mashindano hutoa ukiomba kwa heshima. Halafu ndani ya wiki hiyohiyo rudini kwa kila mtu mliyemhoji mkamwambie matokeo na mlichojifunza kwake, na kama jaribio lenu dogo bado linaendelea, kubalianeni naye nani analishika kuanzia hapo na kwa namba gani ya simu atawapata.